Weupe wa Meza na Pumzi ya Fundi

Katika vyumba vyote vya nyumba, jiko ndilo lililochelewa kupewa heshima. Sebule ilipata viti vyenye mito, na chumba cha kulala kikapata kitanda cha mninga, ilhali jiko lilibaki kibanda cha uani chenye mafiga matatu, kinu na mchi, kichanja cha kuanikia vyombo, na kigoda ambacho mpishi alikikalia huku moshi ukimtoa machozi. Kwa hiyo, mtu wa Mpanda anapojenga jiko ndani ya nyumba, akaliwekea meza ndefu ya kufanyia kazi kandokando ya ukuta, hafanyi anasa. Hulipa deni la zamani. Mpishi aliyeinama nusu ya umri wake anastahili kusimama wima. Juu ya meza hapana ugomvi. Ugomvi uko juu ya jiwe linalotandikwa kwenye meza hiyo, na juu ya weupe unaolipatia jiwe hilo sifa na bei.

Jiwe hilo huitwa kwatzi. Katika picha zinazopita kutoka simu moja hadi nyingine huonekana jeupe kama maziwa, lenye mishipa myembamba ya kijivu, na mtazamaji hudhani kuwa limekatwa mlimani kama lilivyo. Sivyo. Ni unga na punje za kwatzi, ambazo kwa kawaida huwa sehemu 90 au zaidi katika kila 100 za uzito wake, zilizochanganywa na gundi ya kiwandani na rangi, zikashindiliwa kwa mashine na kupashwa moto mpaka zikashikana kuwa bamba. Ufundi huo ulianzia Italia katika nusu ya pili ya karne ya 20, ukaenea katika majiko ya Ulaya, Marekani, Australia na mashariki ya kati, na sasa unapewa njia katika miji ya Afrika Mashariki. Sifa zake hutajwa kwa wingi: ni jeupe, ni gumu, halinywi maji, halishiki doa kwa urahisi. Sifa hizo si za uongo. Walakini sifa ya kitu haijakamilika mpaka itajwe pia gharama yake, na gharama ya jiwe hili hailipwi yote na mwenye kulinunua.

Kosa la kwanza liko katika majina, nalo ni kosa ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kulipuuza. Neno marumaru lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya jiwe la asili ya chokaa, jororo kwa mchongaji na baridi kwa unyayo, ambalo limepamba misikiti na majumba kwa mamia ya miaka. Leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi vya Tanzania neno hilohilo limeshuka cheo: kigae chochote cha sakafuni kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa ni marumaru. Graniti ni jina la mwamba mgumu uliopoa chini ya ardhi. Dukani huweza kuwa jina la bamba lolote linalong'aa. Basi mtu akiomba jiwe jeupe la jikoni, huweza kupewa vitu vitatu vyenye uso mmoja na asili tatu. Marumaru ya kweli kwa kawaida haina silika inayofika sehemu 5 katika 100. Graniti kwa kawaida haivuki sehemu 45. Bamba la kwatzi hufika 90 na kupita. Mteja asiyetofautisha majina hupoteza neno moja tu. Fundi anayelikata jiwe kwa msumeno hupoteza zaidi ya neno. Na hiyo silika ya mawe haina udugu na silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo, ila kwa jambo hili moja: nayo ina tabia isiyobadilika popote inapokwenda.

Mji wa Mpanda hauna udhuru wa kutoijua tabia hiyo. Vilima vya Katavi vimepenywa na mishipa ya kwatzi nyeupe iliyoingia katika nyufa za miamba ya kale ya Ubende, na dhahabu hujificha humo. Risasi, shaba, fedha na dhahabu ya Mukwamba ndiyo iliyoleta mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ndio ulioleta tawi la reli kutoka Kaliua, lililofika Mpanda mwaka 1950. Na mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli na mji vilibaki. Kazi ya dhahabu haikufa. Ibindi, Magamba, Dirifu na kwingineko, wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, hupandisha mawe kwa kamba, huyavunja kwa nyundo na kuyasaga katika makarasha. Mwenye kupita karibu na karasha linalosaga jiwe kavu huona watu waliovikwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu. Weupe huo si wa unga wa muhogo. Ni kwatzi ileile ambayo, ikisagwa kiwandani na kutiwa gundi, hurudi ikiitwa meza safi.

Vumbi la barabara hunaswa puani na kooni, likatoka kwa kamasi na kikohozi. Vumbi laini la kwatzi halinaswi hivyo. Punje zake zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya 100 ya milimita hazionekani kwa jicho, nazo hushuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu. Mwili hupeleka askari wake kuzimeza. Askari hufa kwa mlo huo, na mahali walipofia huota kovu. Kovu hualika kovu jingine, na pafu lililokuwa laini kama sifongo huwa gumu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mtu huweza kuiacha kazi ya vumbi na ugonjwa usimwache yeye. Tena hukifungulia mlango kifua kikuu, na Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo. Yamkini basi fundi anayekohoa akatibiwa kifua kikuu peke yake, akaambiwa amepona, kisha akarudi katika vumbi lilelile lililomwuguza. Mwaka 1997 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka silika ya kwatzi, ivutwapo kazini, katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Elimu hii si ya jana. Georgius Agricola wa Ujerumani, katika kitabu chake juu ya madini kilichochapishwa mwaka 1556, alitaja wanawake wa migodi ya milima ya Karpathia walioolewa na waume saba kila mmoja, na waume wote wakaliwa na maradhi ya mapafu. Jambo la jana ni mahali ugonjwa ulipohamia. Zamani ulikaa katika mashimo ya dhahabu na njia za chini ya milima. Leo umekuja kukaa karibu na sufuria. Nchini Israeli, katika miaka ya 1997 hadi 2010, wagonjwa 25 waliokuwa wakikata mabamba ya namna hii walipelekwa hospitali kuu ya kubadilisha mapafu, na habari zao zilichapishwa mwaka 2012. Katika jimbo la California, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulieleza habari za mafundi 52 waliougua silikosisi kwa kukata mabamba ya majikoni. Umri wa katikati yao ulikuwa miaka 45. Mafundi 51 kati yao walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Amerika ya Kilatini, na 10 walikuwa wamekwisha kufa. Msomaji aangalie hesabu hiyo ya pili kwa makini. Waliokufa si wenye majiko. Ni watu waliovuka mpaka kutafuta kazi, wakapewa msumeno.

Australia ilijaribu kwanza njia ya maonyo. Mafundi waliambiwa wakate kwa maji, wavae vifaa vya kuchuja hewa, wapimwe vifua. Baada ya miaka ya kuonya na kukagua, mawaziri wa nchi hiyo walikata shauri mwezi Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Julai 2024 ni marufuku kutengeneza, kuuza, kukata na kufunga mabamba haya. Nchi hiyo ina wakaguzi, mahakama, bima na hospitali. Ikaona kuwa vyote hivyo havitoshi kumlinda kijana mwenye msumeno. Basi mwenye kudai kuwa jiwe hili litakatwa salama katika uwanja wa fundi wa Mpanda, kwa msumeno wa mkono na ndoo moja ya maji, adai pia kwamba Mpanda ina ulinzi kupita Australia. Akishindwa kudai hilo la pili, anyamaze juu ya la kwanza.

Wengine watasema kuwa tundu moja la sinki ni kitu kidogo. Kidogo hicho na kipimwe. Tundu lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 40 lina mzunguko wa sentimita 240. Bamba likiwa na unene wa sentimita 2, na meno ya msumeno yakila milimita 3, jiwe linalogeuka vumbi hujaza sentimita za ujazo 144, nazo huwa na uzito wa karibu gramu 345. Humo silika haipungui gramu 300. Tuseme sehemu 99 za silika hiyo ni nzito, zikaanguka chini bila kumdhuru mtu, na sehemu moja tu katika 100 ndiyo inayopepea na kuvutwa: hiyo ni gramu 3. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, mfanyakazi haruhusiwi kuvuta kwa wastani wa saa 8 hewa yenye silika inayozidi mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo. Gramu 3 hutosha kufikisha kiasi hicho katika mita za ujazo 60,000 za hewa. Mtu afanyaye kazi huvuta kama mita 10 za ujazo kwa kutwa. Hilo ni tundu moja, katika nyumba moja, kabla ya kukata pembe, kabla ya kutoboa mahali pa bomba, kabla ya kusugua kingo zing'ae.

Mtetezi wa kwanza wa jiwe jeupe hutaja usafi. Juu ya weupe, asema, uchafu huonekana na kufutwa. Hoja hii ina ukweli nusu. Mawese yakimwagika, au bizari, au damu ya samaki, huonekana upesi juu ya weupe; lakini kijidudu cha maradhi hakina rangi, wala hakikimbii meza kwa kuwa ni nyeupe. Mikono iliyooshwa, maji yaliyochemshwa, ubao wa nyama uliotengwa na ubao wa mboga, na kitambaa kinachofuliwa kila siku ndivyo vinavyolinda tumbo la mtoto. Wanawake wa pwani ya Karema na Ikola wameanika dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakawaosha na kuwapika, bila bamba la kiwandani, na usafi wao ulipimwa kwa bidii ya mikono. Tena usafi ni neno lenye mipaka mipana. Jiko haliwezi kuitwa safi ikiwa uchafu wake umehamishiwa katika kifua cha mtu mwingine. Hapo hapakusafishwa kitu, palifichwa.

Mtetezi wa pili hutaja uimara. Ni kweli kwamba kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kisu cha kawaida, na kisu hakiwezi kuikwaruza kwa urahisi. Lakini bamba zima lina nguvu ya kiungo chake kilicho dhaifu, na kiungo hicho ni gundi. Wauzaji wenyewe huonya kuwa chombo cha moto kisiwekwe juu yake bila kitu cha kukinga, kwa kuwa joto la nyuzi 150 au karibu na hapo laweza kuigeuza gundi rangi au kulipasua bamba. Sasa jiko la Katavi lifikiriwe kama lilivyo. Sufuria ya mafuta ya kukaangia migebuka hufika nyuzi 180. Chungu hutoka juu ya mkaa mwekundu, mpishi amekishika kwa kitambaa, mtoto analia, mgeni amebisha hodi, na mahali pa karibu pa kukitua ni meza. Meza ambayo mpishi lazima aihofie haikutengenezwa kwa ajili yake. Imetengenezwa kwa ajili ya jiko ambalo chakula hupashwa zaidi ya kupikwa.

Mtetezi wa tatu husema kwamba fundi ni mtu mzima, hakulazimishwa, na ujira amepokea. Huongeza kwa methali kuwa ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake, nayo imeitwa hapa isikohusika. Ajali ni tawi linaloanguka bila dalili. Vumbi linalotokea kila mara msumeno ushikapo jiwe si ajali. Ni zao la kazi, kama unga ulivyo zao la mashine ya kusaga. Ama hiari ya fundi, haiwezi kuwa hiari kamili pasipo habari kamili. Silikosisi huchukua miaka kujitokeza. Fundi wa miaka 22 hukata leo, akacheza mpira jioni, akaona kuwa kifua chake ni kizima. Kipande cha kitambaa alichojifunga puani humpa moyo, wala hakizuii punje ndogo kupita. Mwenye nyumba aliyesoma, anayejua jina la ugonjwa na kunyamaza, hawezi kusema kuwa walipatana. Mmoja aliuza siku yake. Mwingine alinunua na pafu ndani ya bei ileile bila kulitaja.

Zipo sheria. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na zote mbili ni sheria njema. Walakini sheria hutembea kwa miguu ya ajira iliyoandikwa: mwajiri anayejulikana, mshahara unaohesabiwa, mahali pa kazi penye lango. Fundi wa kutwa huitwa kwa simu asubuhi na hulipwa jioni uani. Leo yuko Makanyagio, kesho yuko Nsimbo, mwaka ujao hayuko katika daftari la mtu yeyote. Akianza kuhema baada ya miaka 8, atamshitaki nani, na nyumba ipi kati ya nyumba 100 alizozipamba? Mahali ambapo mkono wa sheria haujafika, uchaguzi wa mwenye nyumba ndio sheria ya kwanza.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko hizo zote, nalo lastahili jibu. Husemwa: wachimbaji wa Katavi tayari wanavuta vumbi la kwatzi kwa wingi kila siku, kwa nini kelele zipigwe kwa ajili ya meza chache za watu wenye uwezo? Jibu ni kwamba uovu mmoja haujawahi kuwa kibali cha uovu wa pili. Vumbi la karasha halina budi kupigwa vita kwa maji, kwa vifuniko vya mashine, na kwa kupima vifua vya wachimbaji, na anayelitaja ili kutetea meza hana nia ya kulipiga vita. Tena kuna tofauti baina ya kazi hizi mbili. Mchimbaji hutafuta mlo wa wanawe katika jiwe, na jiwe la dhahabu halina mbadala kwake. Meza nyeupe ina mbadala kumi. Mtu mwenye njaa anapojihatarisha, jamii huona huruma na aibu. Mtu mwenye shibe anapomhatarisha mwingine kwa ajili ya rangi, hapana jina la heshima la kumwita.

Mbadala hizo hazihitaji safari ndefu. Misitu ya miombo ya Katavi hutoa mninga, mti ambao wenyeji wameutengenezea milango, vitanda na meza tangu zamani. Ubao wake uliovunwa kwa kibali, ukapigwa randa na kupakwa mafuta, huvumilia maji, na ukikwaruzwa hupigwa randa upya. Hata unga wa mninga hukohoza, na seremala anatakiwa kujikinga nao. Lakini ubao hauna kwatzi sehemu 90 katika 100. Wapo mafundi wa tarazo. Hao huchanganya saruji na kokoto ndogo, wakamimina na kusugua kwa maji. Fadhila kubwa ya zege la kumimina ni kwamba halihitaji kukatwa: fundi hutengeneza fremu ya mbao kwa kipimo cha meza, akaacha nafasi ya sinki kabla ya kumimina, na tundu likazaliwa bila msumeno. Mchanga wa zege nao una kwatzi, kwa hiyo kulisugua kavu ni kosa. Kulisugua likiwa limelowa ni desturi ya fundi mwema. Na mwenye kupenda weupe hakunyimwa. Saruji nyeupe na kokoto za marumaru ya kweli humpa meza nyeupe yenye madoadoa mazuri. Yako pia mabamba mapya ambayo watengenezaji wake husema yana silika kidogo au hayana kabisa. Anayeuza na aonyeshe kwa maandishi, na anayenunua asiridhike na mdomo.

Hata hivyo inafaa weupe wenyewe uulizwe swali. Waswahili wa pwani walijua weupe kabla ya viwanda. Kuta za nyumba zao za mawe zilipakwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, na chokaa hiyo ilichakaa kwa mvua na jua, ikapakwa tena. Ulikuwa weupe wa kazi: uliishi kwa kufanyiwa upya, na kila aliyeuona alijua kuwa nyumba ina watu wanaoitunza. Weupe wa bamba la kwatzi ni wa namna nyingine. Hujivunia kutoguswa. Husema kuwa hapa hapakupikwa, hapakumwagika mawese, hapakupitishwa mchele wa Mpimbwe wala asali ya Inyonga. Huo ni weupe wa duka uliohamishiwa nyumbani, na jiko likifanana na duka, mpishi atafanana na mgeni ndani yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika zama hizi wangeongeza kwamba baada ya kuingia ndani, mtu aulize nani aliyeikata meza, na yuko wapi.

Taifa limekwisha kutamka kwamba pumzi ya mpishi ina thamani. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka Watanzania 80 katika kila 100 wafikie kupika bila moshi wa kuni na mkaa, na sababu yake kubwa ni vifua vya wanawake na watoto. Shabaha hiyo ni tukufu. Itakuwa kioja, basi, jiko lile lile linalotolewa moshi kwa ajili ya kifua kimoja lijengwe kwa vumbi linaloua kifua kingine. Haki ya kupumua haiwezi kuishia kwa mwenye nyumba na kumruka aliyeijenga. Kama moshi ni adui wa mpishi, vumbi ni adui wa fundi, na jiko la kisasa linalostahili jina hilo ni lile lililowashinda wote wawili.

Tangu Mpanda ifanywe makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, nyumba zinaongezeka, na wengi wa wanaojenga ni watu waliosoma: walimu, maofisa, wauguzi, wafanyabiashara. Hao ndio wanaotazamwa na majirani, na meza ya mmoja wao huwa kielelezo cha mtaa mzima. Uchaguzi wao ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Wamwulize muuzaji jina la kweli la jiwe na kiasi cha silika kilichomo, asipojua, waondoke. Wamwagize fundi meza ya kumimina au ya mbao. Wakishindwa kuepuka kukata jiwe lolote, wadai maji yatiririke juu ya msumeno tangu mwanzo hadi mwisho, walipie kifaa cha kweli cha kuchuja hewa, na wawaondoe watoto na vibarua karibu. Wanafunzi watakaorudi Katavi wakiwa wahandisi, waganga na wanasheria waanze na orodha ya mafundi wa mawe wa mji wao na picha za vifua vyao, kwa maana ugonjwa usioandikwa huhesabiwa kuwa haupo. Hayo yakifanyika, mpishi wa Mpanda atasimama wima mbele ya meza yake, na aliyemtengenezea meza atakuwa hai, mwenye pumzi ya kutosha kuitikia atakapokaribishwa chakula.